Baiskeli ya mlimani ambayo fundi wa karibu anaiweza

"Mjomba, hii ina giya 21, shokabsoba mbele na nyuma, na breki za diski. Bei ni sawa na ile ya bluu. Nichukue?"

Ujumbe ulikuja na picha. Mbele ilisimama baiskeli mpya inayong'aa, stika kila upande, springi nene katikati ya fremu. Nyuma yake, ikiegemea ukuta, ndiyo hiyo ya bluu: mtumba wa kutoka Uingereza, rangi imechubuka, foki (uma wa mbele unaoshika gurudumu) ngumu isiyo na springi hata moja, matairi yamepasuka pembeni. Nilimpigia mpwa wangu papo hapo nikamwambia aiache inayong'aa, aishike ya bluu, tuikague pamoja kwa simu.

Maswali aliyoniuliza siku hiyo na wiki zilizofuata ni yale yale ninayoulizwa na karibu kila anayetaka kuanza kuendesha baiskeli msituni na milimani. Majibu yamejaa mtandaoni, lakini mengi yameandikwa na watu wanaoishi mahali ambapo kipuri huagizwa leo kikafika kesho. Kwetu Nairobi, na zaidi Nyahururu au Kitale, hesabu ni nyingine. Kabla ya kuuliza baiskeli ina nini, uliza: ikiharibika, nani ataitengeneza, na kipuri kitatoka wapi? Baiskeli nzuri ya kuanzia ni ile ambayo fundi wa karibu na kwako anaiweza, na ambayo wewe mwenyewe, baada ya miezi michache, utaiweza nusu yake.

Mchezo wenyewe ulianza hivyo. Mwezi wa Oktoba 1976, kundi la vijana wa Marin County, California, lilianza kushindana kushuka barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, mteremko wa karibu mita 400 ndani ya kilomita 3 hivi. Walitumia baiskeli nzito za chuma za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene na breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki ya namna hiyo imo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kwenye mteremko ule ilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi. Wakifika chini iliwalazimu kufungua habu na kuipaka grisi upya ndipo washindane tena. Mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza mwaka 1977 fremu iliyobuniwa makusudi kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Tom Ritchey aliunda fremu ambazo Gary Fisher na Charlie Kelly waliziuza, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya mlimani ya kwanza kuundwa kiwandani kwa wingi. Kufikia 1996 mchezo ulikuwa kwenye Olimpiki ya Atlanta. Wale vijana walikuwa mafundi kwanza. Walichukua kilichokuwapo, wakakivunja, wakakirekebisha.

Tom Ritchey huyo huyo alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wakibeba mizigo kwa baiskeli za mbao kwenye milima ile, na mwaka uliofuata yakafanyika mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic. Katika vuguvugu hilo ilijengeka timu ya Rwanda, na mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alishindana kwenye Olimpiki ya London katika mbio za baiskeli za mlimani, akamaliza wa 39. Kwetu Kenya, David Kinjah kwa miaka mingi amekuwa akiwafundisha vijana kijijini Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, kuendesha na kutengeneza baiskeli. Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, alipita mikononi mwake akiwa kijana, na njia walizopita ni zile za udongo mwekundu unazoweza kupita wewe leo. Namtajia kila anayeanza habari ya Kinjah kwa sababu pale kwake spana na pedali hufundishwa pamoja.

Turudi kwa ile yenye giya 21. Hesabu hiyo hupatikana kwa kuzidisha sproketi (vile visahani vya meno vinavyoshika cheni) 3 za mbele kwa 7 za nyuma, na kati ya hizo 21 nyingi zinafanana uzito. Kitakachokupandisha mlima ni meno ya sproketi mbili tu: ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma. Nilimwambia mpwa wangu ayahesabu kwa kidole. Inayong'aa ilikuwa na meno 28 mbele na 28 nyuma, yaani ukizungusha kranki, ule mkono wa pedali, mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, na kwa gurudumu la inchi 26 hiyo ni mita 2 na kidogo. Ya bluu ilikuwa na 22 mbele na 34 nyuma: mzunguko mmoja wa kranki, mita 1.35 hivi. Kwenye mteremko mkali wa Ngong, ambako vilima vinafika mita 2,460 juu ya usawa wa bahari na hewa tayari ni nyepesi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapanda ukiwa kwenye kiti au utashuka usukume.

Kinachofuata ni jinsi hizo sproketi za nyuma zilivyofungwa. Ziko za aina mbili. Friwili ni kipande kimoja kinachojikaza kwa hesi juu ya habu, na utaratibu wa kuzunguka bure, unaoacha gurudumu liendelee pedali zikisimama, umo ndani yake. Kaseti ni sproketi tupu zinazochomekwa juu ya habu ambayo yenyewe ndiyo yenye utaratibu huo. Kwa macho ya haraka zinafanana. Ila kwenye friwili ya sproketi 7 beringi ya upande wa kulia inakaa mbali na ncha ya ekseli, hivyo ekseli hupinda au kukatika upesi mtu akiruka mawe. Kwenye kaseti beringi imesogezwa nje, karibu na fremu, na ekseli inapata msaada. Kwa barabara ya lami friwili haina ubaya wowote. Kwa msituni, ukiweza, chukua kaseti. Ya bluu ilikuwa na kaseti ya 8. Sproketi 8 au 9 ndizo ninazompendekezea anayeanza: cheni zake ni nene kidogo, bei yake inavumilika, na mafundi wamezizoea. Mifumo ya kisasa yenye sproketi moja mbele na 12 nyuma ni mizuri sana, nami ningeifurahia, lakini cheni na kaseti zake ni ghali, na mkono wa giya, ule wa nyuma unaohamisha cheni, ukipinda kidogo tu kila kitu kinaanza kugoma.

Kwenye vifaa vya giya jina utakalokutana nalo mara nyingi ni Shimano, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1921 katika mji wa Sakai kwa kutengeneza friwili. Vifaa vyao vya mlimani vina madaraja: Tourney uko chini, kisha Altus, Acera, Alivio, halafu Deore. Mtumba wenye Alivio au Deore ya zamani, iliyotunzwa, naupendelea kuliko baiskeli mpya yenye vifaa vya daraja la chini kabisa. Chuma chake ni bora na maungio yake hayalegei baada ya msimu mmoja wa mvua.

Kuhusu springi ya katikati niseme wazi: usiinunue kwa bei ya chini. Shokabsoba ya nyuma iliyo nzuri ni kazi ngumu ya kihandisi. Ina mafuta ya kuzuia mrejesho, ina maungio yenye beringi, na fremu nzima imebuniwa kuizunguka. Kwenye baiskeli ya bei rahisi unachopata ni springi peke yake. Ukipanda mlima, nguvu ya mguu inaishia kwenye springi, ukishuka, inakurusha. Maungio yake ni bushi za plastiki zinazolegea, na fundi hana cha kubadilisha kwa sababu vipimo vyake havijulikani dukani. Halafu kuna uzito, ambao utaubeba kila kilima. Foki ya mbele yenye springi, ikiwa ya daraja la kati, inasaidia kweli, lakini ile ya bei ya chini kabisa huganda kutu ndani ikawa foki ngumu yenye kilo za ziada. Foki ngumu ya chuma yenye tairi pana lenye upepo wa kiasi inafundisha vizuri sana: unaisikia ardhi, unajifunza kuchagua njia badala ya kuigonga.

Sasa magurudumu, na hapa naomba subira yako, kwa sababu pesa nyingi za wanaoanza hupotelea hapa.

Saizi tatu za baiskeli za mlimani ni 26, 27.5 na 29. Namba ya kuamini si hiyo kubwa iliyoandikwa kwa rangi. Ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kama 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokalia. Inchi 26 ya mlimani ni 559. Inchi 27.5 ni 584. Inchi 29 ni 622, sawa kabisa na rimu za baiskeli nyingi za barabarani. Sasa angalia: kuna pia matairi ya inchi 26 yaliyoandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, ya baiskeli za kina mama za zamani, na hayo kipenyo chake ni 590. Hayaingii kwenye rimu ya 559 hata uyapake sabuni. Muuzaji atakuambia "ni 26, zote ni moja". Si moja. Na Black Mamba ya babu yako, yenye inchi 28, ni 635, familia tofauti kabisa. Ukienda kununua tairi au tyubu, piga picha ya ile namba ndogo uende nayo.

Kwa anayeanza hapa, 26 bado ni chaguo la busara ikiwa ni mtumba, kwa kuwa matairi na tyubu zake zinapatikana hata kwenye duka la vifaa la soko la kijijini. Viwanda vikubwa vimeshaiacha saizi hiyo kwenye baiskeli za bei ya juu, ndiyo maana mtumba mzuri wa 26 unapatikana kwa bei nafuu. Saizi ya 29 inapita juu ya mawe na mizizi kwa urahisi zaidi na inashika mwendo, nami ningemshauri mtu mrefu anayenunua mpya aichukue. Mtu mfupi ajaribu kwanza kabla ya kulipa.

Vali nayo ina mambo yake. Tyubu nyingi za mlimani zina vali nene kama ya gari. Faida yake ni kubwa: kila kituo cha mafuta kinaweza kukujazia upepo. Tyubu nyingine zina vali nyembamba yenye kofia ndogo ya kufungua juu, na kwa hiyo utahitaji pampu yake au kichwa cha kubadilishia. Tundu la rimu kwa vali nene ni milimita 8 hivi, kwa nyembamba ni 6. Vali nyembamba inaweza kukaa kwenye tundu pana ukiweka kifuniko cha kuziba nafasi, lakini vali nene haiwezi kupita kwenye tundu jembamba, na sipendi kabisa kuona fundi akilipanua kwa drili, kwa sababu rimu nyembamba hudhoofika.

Upepo. Kijana wa kujaza upepo barabarani hujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, kwa nia njema, maana amezoea baiskeli za kubeba maziwa na makreti ya soda. Msituni tairi gumu hudunda kwenye kila mzizi na kuteleza kwenye kila kokoto. Mtu wa kilo 60 hadi 70, kwenye tairi pana la inchi 2.1 lenye tyubu, aanze karibu na PSI 30, nyuma juu kidogo kuliko mbele, kisha apunguze au aongeze polepole. Ukishuka mno, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili hivyo, ujue upepo ulikuwa mdogo. Likiwa tundu moja, ni mwiba. Kwa maeneo ya migunga kama Hell's Gate au njia ya kuelekea Magadi, miiba ni uhakika. Beba tyubu mbili na viraka, na kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi zima, kwani mwiba ule ule bado umo humo ukikungoja. Mfumo usio na tyubu, wenye maji ya kuziba matundu ndani, ni suluhisho zuri la miiba, ila maji hayo hukauka baada ya miezi, upesi zaidi penye joto, na kukalisha tairi kunahitaji rimu inayofaa na upepo mwingi wa ghafla. Subiri mwaka wa pili.

Breki ziko za aina tatu kwa mahitaji yetu. Za mikono miwili inayobana rimu ni rahisi, nyepesi, na kila fundi anazijua. Ubaya wake ni kwamba matope yanazilegeza na yanakula rimu. Diski za waya zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye mvua, na zinarekebishika kwa spana za aleni. Diski za mafuta ndizo bora kwa nguvu na ulaini wa kidole, lakini zinataka mtu anayejua kutoa hewa ndani ya mrija, na zinataka mafuta yake hasa: Shimano hutumia mafuta ya madini, nyingi za SRAM, kampuni nyingine ya vifaa, hutumia mafuta ya DOT, ya aina itumikayo kwenye magari, na ukichanganya, mipira ya ndani inaharibika. Usimruhusu mtu yeyote amimine mafuta ya breki ya gari kwenye breki ambayo hujaisoma maandishi yake. Na aina yoyote ya diski ikiguswa na mafuta ya cheni, pedi zake zimekwisha.

Jambo moja ambalo sioni likielezwa, nalo linaweza kuvunja mtu mkono: baiskeli za mtumba hazina desturi moja ya breki. Zitokazo Uingereza na Japani, mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Zitokazo Ujerumani, Uholanzi na Marekani, kwa kawaida mkono wa kushoto ndio wa mbele. Ukibadilisha baiskeli bila kuangalia, ukabana kwa nguvu mteremkoni ukidhani ni ya nyuma, utapita juu ya usukani. Kabla ya kuondoka dukani, sukuma baiskeli polepole na ubane mkono mmoja mmoja. Kama haikufuati mazoea yako, fundi abadilishe waya. Ni kazi fupi.

Sasa ukaguzi, kama tulivyoufanya kwa simu siku ile.

Simama juu ya baiskeli, miguu yote chini. Kati yako na bomba la juu pabaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukisogeza kisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litapinda kidogo, na hicho ndicho kimo cha kupandia mlima. Fremu kubwa mno hairekebishiki, hata ikiwa ya bei ya bure. Legeza bolti ya kiti ujaribu kulivuta bomba lake juu na chini. Mitumba mingi imelala nje kwenye mvua ya Ulaya, na bomba la alumini likishikana na fremu ya chuma kwa miaka, halitoki. Kama halisogei na kimo hakikufai, iache hapo hapo.

Bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, beringi za shingo zimelegea. Huenda ni kukaza tu, huenda gololi zimekwisha. Shika gurudumu juu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi za habu. Shika kranki, si pedali, uivute ndani na nje. Ikicheza, ni ekseli ya kranki. Hizi zote zinatengenezeka, na kwenye ya bluu habu ya nyuma ilicheza kidogo. Tuliitumia kupunguza bei. Zungusha magurudumu uangalie nafasi kati ya rimu na pedi ya breki. Kuyumba kidogo ni kazi ya spoki. Kisha pitisha ukucha kwenye ubavu wa rimu: ukikuta umeliwa ukawa shimo kama bakuli, rimu hiyo siku moja itapasuka, na ubadilishaji wake utakula akiba yako yote. Geuza baiskeli juu chini, angalia fremu chini ya shingo na kwenye maungio yote. Ufa mwembamba wa rangi ulio mviringo ni sababu ya kuondoka bila kuuliza bei. Mwisho, simama nyuma yake uangalie kama mkono wa giya umenyooka sambamba na sproketi. Ukipinda kwa ndani, siku utakapoingia giya nyepesi kabisa utaingia kwenye spoki.

Cheni ipime. Chukua tepu ya seremala, weka alama ya inchi 1 katikati ya pini moja, uangalie alama ya inchi 13. Cheni nzima, pini itakaa juu ya alama hiyo kamili, kwa sababu pingili 12 kamili ni inchi 12. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni peke yake. Ikipita 1/8, uwezekano ni mkubwa kwamba sproketi nazo zimeshaliwa na cheni mpya itaruka juu yake. Anayepima kila mwezi hununua cheni. Asiyepima hununua cheni, kaseti na sproketi za mbele kwa pamoja.

Hapo kwenye cheni nina ugomvi wa muda mrefu na desturi yetu ya kupaka oili chafu ya injini. Oili hiyo ni nzito na ina chembe za chuma, na vumbi jekundu la Kiambu linaing'ang'ania mpaka inakuwa kitu cha kusagia chuma. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi ya meno iliyochakaa, ikauke, tia tone moja la mafuta mepesi kwenye kila pini, zungusha, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pasibaki kitu. Ukikosa mafuta ya cheni, mafuta ya cherehani yanafaa, ila utarudia mara kwa mara. Na ukitaka kufungua pedali usivunje spana: ya kulia inafunguka kama bolti yoyote, ya kushoto hesi yake ni kinyume. Fundi mmoja wa mtaani kwetu ana kipande cha bomba anachoongezea urefu wa spana kwa kazi hiyo, na grisi kidogo kwenye hesi wakati wa kurudisha humwondolea mwenye baiskeli taabu yote mwaka unaofuata.

Helmeti inunuliwe mpya. Povu la ndani likishapata pigo moja limekwisha kazi, na kwenye mtumba huwezi kuliona.

Mahali pa kuanzia, ukiwa Nairobi, ni Karura. Ni msitu wa hekta 1,041 hivi katikati ya jiji, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999, na leo mtoto anaweza kuingia humo na baiskeli kwa ada ya mlangoni. Mimi siwezi kupita mle bila kulikumbuka hilo. Njia zake ni pana, miteremko ni ya wastani, na kuna baiskeli za kukodi kwa asiye na yake, jambo ninaloshauri kabla ya kununua. Humo jifunze mambo manne. Chagua giya kabla ya kilima kuanza, si katikati ukiwa umekaza mguu, maana hapo ndipo cheni hukatika. Funga breki kabla ya kona, ziachie ndani ya kona. Kwenye mteremko simama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea, kiti kimeshushwa. Na tazama mbali mbele, pale unapotaka kwenda. Ukilikodolea jiwe macho utalipiga. Mvua ikinyesha ondoka kwenye vijia vyembamba, kwa heshima ya msitu na ya wanaotembea, kwani alama ya tairi kwenye tope inakuwa mfereji.

Baada ya hapo ni Hell's Gate, Naivasha, mojawapo ya mbuga chache ambamo unaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na swala, njia kuu ikiwa karibu tambarare. Ngong iwe ya baadaye, na kwa kikundi.

Mpwa wangu aliichukua ya bluu. Alibadilisha matairi yote mawili na cheni, fundi akafungua habu ya nyuma, akaosha, akaweka gololi mpya na grisi, naye mpwa alisimama hapo akashika taulo na kuuliza maswali. Jana ameniuliza kama sasa anunue foki yenye springi. Nimemwambia apime mambo matatu kwanza: upana wa bomba la usukani linalopita shingoni, ambalo kwa fremu ya umri huo kwa kawaida ni inchi 1 1/8; kama bomba hilo lina hesi juu au halina; na urefu wa foki aliyonayo kutoka ekseli hadi chini ya shingo. Foki ndefu mno itainua mbele ya baiskeli, usukani utakuwa mzito kwenye kona na mlimani gurudumu litakuwa likinyanyuka. Ametuma vipimo asubuhi hii. Foki ambayo springi yake inabonyea milimita 80 itamfaa, ya 100 itakuwa ndefu, na kwa sasa pesa hizo naona ziende kwanza kwenye pedali pana zenye meno, kwa sababu viatu vyake vinateleza.